Dau la Nani? Uhakiki wa Dhana ya "Wadau" katika Upangaji wa Vipaumbele vya Utafiti wa Afya ya Jamii, kwa Kurejelea Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Ni nadra siku hizi kukuta andiko la utafiti wa afya ya jamii nchini Tanzania lisilokuwa na aya inayodai kuwa wadau walishirikishwa. Aya hiyo huwa fupi. Hutaja Wizara, Halmashauri, wataalamu wa hospitali, mashirika yasiyo ya kiserikali na, mwishoni kabisa, kwa neno moja, "jamii". Baada ya hapo andiko huendelea na mambo yake: sampuli, mbinu, uchambuzi, bajeti. Uhakiki huu unaichukua aya hiyo na kuisoma kama matini nyingine yoyote inavyosomwa katika taaluma ya Kiswahili, yaani kwa kuuliza nani anatenda, nani anatendwa, na ni jambo gani limeachwa bila kusemwa.

Mahali pa usomaji huo ni Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakulima wa pamba na nafaka na wafugaji wa ng'ombe, wanaozungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili wanapofika ofisini. Kwa kuwa mkoa wenyewe ni mchanga, mtu anaweza kudhani kuwa historia yake ya utafiti nayo ni changa. Sivyo. Ardhi hii imekuwa uwanja wa utafiti wa magonjwa kwa muda unaozidi karne moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo swali lilifika pamoja na mtafiti, ndani ya mizigo yake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wananchi wa Simiyu hushirikishwa katika kujibu na ni kwa nadra tu hushirikishwa katika kuuliza. Kwamba lugha ya nyaraka za utafiti husaidia kuificha tofauti hiyo. Na kwamba tofauti yenyewe ina gharama inayoonekana katika miili ya watu, hususani watoto wadogo.

2.0 Neno "mdau" na jamaa zake

Kiswahili kina neno dau lenye maana mbili zinazojulikana: chombo cha majini, na fedha au mali inayowekwa na mcheza kamari au mshindani. Mdau ametokana na maana ya pili. Ni mtu mwenye kitu chake mezani, ambaye mambo yakienda kombo atakipoteza. Nchini Kenya neno linalotumika zaidi ni mshikadau, na tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo kama inavyoonekana. Anayeshika dau huenda siye aliyeliweka. Aghalabu ni mtu wa kando anayeaminiwa kutunza fedha za washindani hadi mshindi apatikane. Mdau wa Kitanzania hana kitenzi ndani yake, hivyo msomaji haambiwi kama ameweka, ameshika au amechukua.

Ukimya huo ndio unaolifanya neno lifae sana katika nyaraka. Katika orodha ya wadau wa utafiti wa kichocho, mfadhili aliyeko Ulaya na mwanamke wa Itilima anayechota maji lamboni huandikwa kwa neno moja. Mfadhili ameweka fedha. Utafiti usipozaa matunda atafunga hesabu na kufungua mradi mwingine. Mwanamke ameweka kibofu chake, kizazi chake na mtoto aliyembeba mgongoni. Kwa kipimo cha dau, huyu wa pili ndiye mdau mkubwa. Kwa kipimo cha kiti mkutanoni, mara nyingi hayumo.

Mofolojia inasema zaidi. Ukiliacha neno mdau, majina mengine anayopewa mwananchi katika nyaraka hizo ni mlengwa, mhojiwa na mtafitiwa, yote yakiwa yamejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Hulengwa, huhojiwa, hutafitiwa. Anayefanya vitendo hivyo ana majina yake ya kutenda: mtafiti, msaili, mtathmini. Yapo majina mawili yanayokiuka mpangilio huo. La kwanza ni mnufaika, ambaye kutenda kwake kote ni kupokea. La pili ni mshiriki, neno la heshima zaidi, ila makazi yake hasa ni fomu ya ridhaa, na ridhaa kwa maana yake ya kawaida ni kulikubali jambo ambalo mwingine amekwisha kulipanga. Mtu huombwa ridhaa, haombwi swali. Kiswahili kina neno jingine, shauri, lenye kitenzi cha kutendana, kushauriana, ambamo pande zote mbili husema na zote husikiliza. Hilo halijapata fomu yake.

Mfano mkali wa mtafitiwa asiye na swali unapatikana Meatu, ambako wanaishi baadhi ya Wahadzabe, jamii ndogo iliyotawanyika kandokando ya bonde la Ziwa Eyasi. Jamii hiyo imepimwa matumizi ya nishati mwilini (Pontzer na wenzake, 2012) na bakteria waishio tumboni (Schnorr na wenzake, 2014), na matokeo yamesomwa duniani kote. Ni maswali halali ya kisayansi. Hata hivyo, yaliulizwa zaidi kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine: mkazi wa mji wa kitajiri anayetaka kujua kwa nini ananenepa. Mhadzabe ni kioo cha kujitazamia. Iwapo yeye mwenyewe alikuwa na jambo la afya lililomkosesha usingizi, kama maji, malaria au ardhi ya kuwinda inayozidi kupungua, jambo hilo halikuwa sehemu ya mpango.

3.0 Malale ya mwaka 1922 na mbung'o aliyepewa jina

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulitambuliwa katika Wilaya ya Maswa, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo la Bariadi ya leo. H. L. Duke, mtaalamu wa malale aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alikuja kuuchunguza na kuchapisha taarifa yake mwaka 1923. C. F. M. Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alichunguza upande wa mdudu. Mwaka huohuo wa 1923 Austen aliiandika katika sayansi spishi ya mbung'o wa ukanda huu na kuiita Glossina swynnertoni. Mbung'o huyo bado yupo katika vichaka vya Serengeti, naye anaruka na jina la afisa wa Kiingereza.

Haikosi maana kwamba kumbukumbu iliyodumu kuliko zote kutoka katika tukio lile ni jina. Watu wa Maswa waliougua, walioshuhudia nani anaugua na nani haugui, waliojua vichaka gani vina mbung'o na vipi havina, hawakupewa nafasi hiyo. Wao waliingia katika taarifa kama idadi, na baadaye, serikali ilipoanza kuwakusanya watu wa maeneo ya malale katika makazi ya pamoja, waliingia kama watu wa kuhamishwa.

Kisa hiki hata hivyo kina upande ambao lawama rahisi haziufikii. Kabla ya kuja Usukumani, Swynnerton alikuwa amechapisha mwaka 1921 uchunguzi kuhusu mbung'o upande wa Msumbiji, ambamo alieleza kwa heshima jinsi Mzila, mfalme wa Gaza wa karne ya 19, alivyowarudisha nyuma mbung'o kwa kukusanya makazi ya watu na kutawala moto na vichaka. Wazo hilo la Kiafrika ndilo alilolibeba hadi Shinyanga katika miaka ya 1920, ambako, kwa ushirikiano na Mtemi Makwaia wa Usiha, maelfu ya wakulima walijitokeza kufyeka vichaka ili ng'ombe wapate malisho. Hapa palikuwa na maarifa ya wenyeji, palikuwa na kiongozi wa wenyeji, na palikuwa na nguvu ya wenyeji. Mtu wa leo anayejaza aya ya wadau angeijaza bila shida.

Kilichokosekana ni mamlaka juu ya swali. Ford (1971), aliyekuwa mtafiti wa mbung'o kwa miaka mingi kabla ya kuandika kitabu chake kikubwa, alifikia hitimisho lililowauma wenzake: kwamba sayansi ya kikoloni ilijiuliza jinsi ya kumwangamiza mdudu, wakati jamii za Kiafrika zilikuwa zimeshughulika kwa karne nyingi na swali tofauti, yaani jinsi ya kuishi karibu naye bila kuangamia. Kjekshus (1977), akiandika baada ya kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipanua hoja hiyo kwa Tanganyika nzima. Kjekshus amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuipamba mno Afrika ya kabla ya ukoloni. Ila lawama hiyo haigusi kiini cha jambo. Maswali hayo mawili si sawa. La kwanza huzaa sumu, moto na amri ya kuhama. La pili huzaa ramani ya mahali pa kulisha, wakati wa kulisha na umbali wa kujenga. Aliyechagua kati yake ndiye aliyeamua karibu kila kitu kilichofuata, na uchaguzi ulifanyika kabla mkulima wa kwanza hajashika shoka.

4.0 Lambo, kichocho na swali lililochelewa

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, kuanzia mwaka 1947. Mpango ulifyeka vichaka, ukalazimisha matuta, ukaamuru kupunguza mifugo, na ukachimba malambo mengi ya kunyweshea ng'ombe. Watemi walikaa katika baraza la shirikisho hapohapo Malya na walishauriwa. Wakulima na wafugaji hawakuridhika, na Maguire (1969) ameonesha jinsi uchungu wa amri hizo ulivyolisha siasa za ukombozi katika kanda ambayo serikali iliizuia TANU kufanya kazi kati ya 1954 na 1958. Funzo la kisiasa la kisa hicho limeandikwa sana. Funzo lake la kiafya limeandikwa kidogo.

Lambo lilibaki. Katika nchi kavu kama Meatu, Itilima na sehemu za Maswa, lambo ni riziki: ng'ombe hunywa humo, nguo hufuliwa humo, watoto huogelea humo mvua zikishanyesha. Humo pia huishi konokono wa jenasi Bulinus, ambao baadhi yao hujifukia katika tope kiangazi kizima na kuzinduka maji yanaporudi, na ambao hubeba vimelea vya kichocho cha mkojo. Watafiti wa Mwanza walilijua hilo mapema. Kituo chao, kilichoanza mwaka 1949 kama kitengo cha utafiti wa matende na minyoo na ambacho leo ni tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilifanya kazi ya thamani: Webbe (1962), kwa mfano, alifuatilia maambukizi ya kichocho cha mkojo katika Jimbo la Ziwa kwa umakini unaoheshimika hadi sasa. Maisha ya konokono yalisomwa, na maisha ya mnyoo yakasomwa. Maisha ya mama wa mtoto mchanga pale ukingoni yalisomwa kidogo sana.

Hapa ndipo gharama inapoonekana. Dawa ya prazikwanteli ilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1970, na hasa ugawaji wa pamoja mashuleni ulipoenea, dawa ilielekezwa kwa watoto wa umri wa shule. Kimo chao hupimwa kwa fimbo yenye alama, na kimo huamua idadi ya vidonge. Mtoto aliye chini ya umri wa kwenda shule hakuwa katika mpango. Sababu haikuwa kwamba haugui. Ni kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu kipimo kinachomfaa, wala kidonge anachoweza kukimeza, kwa kuwa prazikwanteli ni chungu na ni kubwa. Ushahidi haukuwepo kwa sababu utafiti haukufanyika, na utafiti haukufanyika kwa sababu swali halikupewa mbele. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba tiba ya pamoja ianzie umri wa miaka 2 na kuwafikia watu wazima. Maoni ya kuunga mkono kidonge cha watoto wadogo yalitolewa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwezi Desemba 2023. Kati ya kupatikana kwa dawa na kidonge hicho imepita miongo zaidi ya minne.

Mama yeyote wa Itilima angeweza kuliuliza swali hilo mwaka 1985. Asingehitaji elimu ya vimelea. Anamwosha mtoto wa mwaka mmoja kwa maji ya lambo lilelile analoogelea kaka yake, kaka anarudi kutoka shuleni ameshapewa dawa, mdogo hapewi. Swali linajitunga lenyewe. Halikuwa na mahali pa kwenda.

Kuna swali la pili lenye sura hiyohiyo, nalo ni gumu zaidi kwa sababu ya aibu. Kichocho cha mkojo hushambulia pia via vya uzazi vya mwanamke, na kuleta maumivu, kutokwa damu na ugumba, dalili ambazo kwa jicho la haraka hufanana na za magonjwa ya zinaa. Hali hiyo ilielezwa kitabibu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Shirika la Afya Duniani lilichapisha atlasi ya picha ya kumsaidia mhudumu wa zahanati kuitambua mwaka 2015. Katika kipindi hicho kirefu wanawake wasiohesabika wametibiwa ugonjwa wa zinaa wasiokuwa nao, na wengine bila shaka wamejibu kwa waume zao kosa wasilolifanya.

Kutosikiliza mapema kuna gharama pia kwa upande wa mpango wenyewe. Mkoani Morogoro mwaka 2008 ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni ulizusha uvumi na ghasia, wazazi wakivamia shule kuwaokoa watoto wao. Maofisa walilieleza tukio hilo kama upungufu wa elimu kwa umma. Maelezo hayo yanamweka mzazi tena katika kauli ya kutendwa: anayepaswa kuelimishwa. Usomaji mwingine unawezekana, kwamba wazazi walikuwa na maswali ya haki, kama vile kwa nini dawa inatolewa kwa mtoto ambaye hajapimwa na kwa nini baadhi hutapika, na kwamba maswali hayo hayakuwa na mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa lango la shule.

5.0 Barua inayoshuka

Katika ngazi ya taifa Tanzania haikulala. Tume ya kimataifa ya utafiti wa afya kwa maendeleo ilitangaza mwaka 1990 kwamba takribani 5% tu ya fedha za utafiti wa afya duniani zilielekezwa kwenye matatizo ya nchi zinazoendelea, wakati nchi hizo zilibeba 93% ya mzigo wa vifo vya mapema vinavyozuilika. Kila nchi ikahimizwa kujipangia vipaumbele vyake. Tanzania tayari ilikuwa na NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979, na mwaka 1999 ilianzisha jukwaa la taifa la utafiti wa afya ili watafiti, watunga sera na watumiaji wa utafiti wakutane. Kitua na wenzake walilieleza zoezi hilo katika jarida la BMJ mwaka 2000, na maelezo yao yana fahari inayostahili: nchi maskini ilikuwa inajaribu kumwambia mfadhili nini kitafitiwe, badala ya kuambiwa.

Fahari hiyo isizuie kuona kilichobaki. Kunyang'anya swali kutoka Geneva na kulileta Dar es Salaam ni hatua kubwa. Bariadi bado iko mbali. Ushahidi ulio karibu zaidi kuhusu umbali huo unatoka Mbarali, mkoani Mbeya, moja ya wilaya tatu za mradi wa REACT, pamoja na Malindi ya Kenya na Kapiri Mposhi ya Zambia. Mradi huo ulihusu vipaumbele vya huduma za afya zaidi ya vile vya utafiti, lakini tabia ulizozifichua ni zilezile. Uliongozwa na nadharia ya Norman Daniels na James Sabin, inayodai kuwa uamuzi wa vipaumbele huwa wa haki ukitimiza masharti manne: sababu zake ziwe zinazokubalika na wahusika, zitangazwe, ziweze kukatiwa rufaa, na pawepo wa kusimamia hayo matatu. Maluka na wenzake (2010) walikuta kwamba mpango wa wilaya ulitawaliwa na timu ndogo ya wataalamu, ukifuata miongozo na bajeti zilizotoka juu, na kwamba tofauti za elimu, mali na jinsia ziliamua nani anasikika hata pale vikao vilipofunguliwa. Sharti la rufaa lilikuwa dhaifu. Msomaji wa Simiyu hatashangaa.

Katika utafiti, mpangilio huo unaonekana vizuri zaidi katika safari ya barua. Kibali cha maadili hutolewa katika ngazi ya taifa. Kutoka hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halafu kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwishowe mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huongozana na msaili nyumba kwa nyumba. Kila ngazi hugonga muhuri. Inapofika kitongojini karatasi ina mihuri mingi kiasi kwamba kubadili neno moja la dodoso haiwezekani tena. Mwenyekiti anaweza kukaribisha au kukataa, na kukataa huwa kuna bei yake. Hakuna barua inayopanda. Mwenyekiti wa kitongoji cha Meatu aliyeona kwamba meno ya watoto wa kijiji chake yana madoa ya kahawia, jambo linalofahamika katika maeneo yenye maji ya floridi nyingi, hana fomu ya kuanzia.

Mbinu za kimataifa za kupanga vipaumbele nazo hazijitoshelezi. Ile iitwayo CHNRI, iliyotumika sana katika afya ya mtoto, huwaomba wataalamu waorodheshe maswali ya utafiti na kuyapa alama kwa vigezo, kisha kundi pana la wadau hukaribishwa kutoa uzito kwa vigezo hivyo. Ni utaratibu wazi na unaohesabika. Mwananchi humo hupima mizani, hapimi mzigo. Kinyume chake ni ushirika wa James Lind, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo maswali yenyewe hukusanywa kutoka kwa wagonjwa, wanaowauguza na waganga wanaowatibu, na watafiti wasiohudumia wagonjwa hawana kura. Utaratibu wa pili unakaribia zaidi maana ya kushauriana. Umezaliwa, hata hivyo, katika nchi ambayo mgonjwa anasoma, anaandika na anajua jina la ugonjwa wake. Ukiletwa Bariadi jinsi ulivyo utawapata walimu, wauguzi na watumishi wa Halmashauri, watu wema ambao tayari wana kiti.

6.0 Mahali maswali yalipo

Pingamizi la kweli dhidi ya hoja hii ni kwamba mwananchi akiulizwa atataja mahitaji, wala si maswali ya utafiti: atataka zahanati, daktari, kisima. Mwanamke wa Dutwa ambaye amesafirishwa kwa pikipiki usiku akiwa na uchungu hadi Hospitali ya Somanda atasema anataka gari la wagonjwa. Hilo halihitaji utafiti. Pingamizi lina uzito, na wanaoliepuka hugeuza ushirikishwaji kuwa ibada. Jibu lake ni kwamba hitaji na swali hukaa pamoja, na kazi ya mtafiti ni kulitoa la pili ndani ya la kwanza akiwa na mwenye hitaji mezani. Kwa nini gari lilipokuwepo halikufika? Nani nyumbani huamua saa ya kuondoka? Hayo ni maswali ya utafiti, na mwenye nusu ya jibu ndiye aliyepanda pikipiki.

Usukuma una mahali pengi ambapo watu huulizana. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi katika uwanja ambao mtunzi husifu, hukejeli na hulaumu mbele ya umati; Gunderson (2010) amekusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, na ndani yake wakulima wanazungumza juu ya jasho, njaa na mamlaka kwa uwazi ambao dodoso halijawahi kuupata. Maonesho ya wakulima ni mahali pengine. Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilipokea sherehe za kitaifa za Nane Nane mwaka 2018, na Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, zao linalonyunyiziwa viuatilifu mara kadhaa kwa msimu, mara nyingi na mtu aliyebeba bomba mgongoni bila barakoa. Katika viwanja kama hivyo huulizwa dawa gani inaua funza wa vitumba. Dawa hiyo inamfanya nini anayeibeba halina banda lake.

Ni lazima pia kuonya juu ya mkutano wa kijiji, ambao wengi huukimbilia kama dawa ya yote. Mkutano huo una wazee wake, wanaume wake na lugha yake. Mwanamke mwenye maumivu ya via vya uzazi hatasimama chini ya mti, mbele ya wakwe, kulieleza swali lake, hata akiombwa kwa Kisukuma safi cha Ntuzu. Atalieleza siku ya kliniki, kwenye benchi, kwa mwenzake. Au katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mpango wa vipaumbele unaokusanya maswali mkutanoni peke yake utakuwa na sauti ya kijiji bila kuwa na nusu ya kijiji. Na msaili anayeandika kwa Kiswahili kile alichoambiwa kwa Kisukuma tayari amechagua. Tafsiri yake inapaswa kurudishwa kwa msemaji na kusomwa mbele yake kabla haijawa "tatizo la utafiti" katika andiko la Kiingereza.

Fursa ya karibu zaidi ya kulijaribu hilo ipo katika maji. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa Simiyu wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambao lengo lake kuu ni kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji na vijiji vya mkoa. Bomba likifika, wapangaji watataka kujua kama kuhara kumepungua, na watalipima, kwa sababu swali hilo lina vigezo vyake tayari. Ila ng'ombe wataendelea kunywa lamboni, na atakayewapeleka ni mvulana wa miaka kumi, aghalabu mchana wa jua kali, saa ambazo lava wa kichocho hutoka kwa wingi katika konokono. Nguo zitaendelea kufuliwa huko iwapo ndoo ya bombani inalipiwa. Ni saa ngapi, msimu gani na kwa bei gani ya ndoo familia huliacha lambo, wanaoweza kulisema ni wanawake na wachungaji wa vijiji hivyo, nao inabidi waulizwe, na hali ya kichocho ipimwe, kabla maji ya kwanza hayajafunguliwa. Yakishafunguliwa hapatakuwa na cha kulinganisha nacho.